Barua ya wazi kutoka mlangoni mwa Sabaki: mto ukihama, kiboko akae wapi?

Kwa wakubwa mnaoshika kalamu ya ramani: wa Kaunti ya Kilifi, wa wanyamapori, wa maji, wa misitu, wa ardhi, na yeyote mwingine ambaye muhuri wake ukigonga karatasi huko juu, huku chini kuna mtu anahama au anaachwa.

Salamu zangu ziwafikie. Sisi hatujambo, ila mto hauko pale mlipouacha.

Nianze na kisa, kwa kuwa barua za malalamiko mnaletewa nyingi na nyingine mnasoma kichwa tu.

Januari 2024, mafuriko ya vuli yalipokuwa yameshatulia, afisa mmoja alitumwa kuja kukagua mahindi ya mama yangu yaliyokanyagwa na viboko. Kijana mstaarabu, mwenye salamu zake, buti mpya. Alisimama katikati ya mabua yaliyolala, akatoa simu, akafungua ramani, akanisogezea nione. Mto ulikuwa mstari wa buluu huko mbali. Sisi tulikuwa kidoti upande wa huku, pakavu, mita mia tatu hivi kutoka kwenye mstari.

"Unaona, mzee? Huyu mnyama alitoka nje ya makazi yake."

Mama alikuwa amekalia ndoo aliyoifudikiza, kanga ameikunja mpaka magotini. Hatua ishirini mbele yake maji ya Sabaki yalikuwa yanapita, mekundu kama udongo wa ukutani, yamebeba gogo zima la mkuyu. Akamwambia: "Mwanangu, hebu iulize hiyo simu, haya maji yaliyonilowesha ni ya nani."

Kijana akacheka, nami nikacheka. Kisha akaandika alichokuwa amekusudia kuandika.

Wakubwa wangu, barua hii ni ya huo mstari wa buluu. Mmeuchora mara moja, siku ambayo hakuna mvua wala ukame, na tangu hapo kila uamuzi unapimwa kutoka hapo: shamba la nani liko wapi, mnyama wa nani yuko wapi, nani amemwingilia nani. Mto wenyewe una tabia mbili. Na wanyama wanamfuata mto, hawaifuati ramani.

Mimi ni mtembeza wageni. Wanaokuja kuona ndege na viboko pale Sabaki inapoingia baharini, kaskazini kidogo ya mji wa Malindi, huenda wamewahi kupita mikononi mwangu. Kabla ya hapo nilikuwa mvuvi kama baba. Baba alihesabu siku kwa miongo, ile hesabu ya mabaharia inayoanzia Siku ya Mwaka na kwenda kumi kumi mpaka mwaka uishe, na katika kila mwongo alijua upepo gani utashika na samaki gani atasogea. Hesabu hiyo nimeirithi, lakini siku hizi inanidanganya kama saa iliyolowa maji. Ndiyo maana nikaanza kuandika. Nina madaftari ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma, yamejaa: maji yamefika wapi, viboko wamelala wapi, ndege gani amekuja na gani hakuja. Si utafiti. Ni kumbukumbu ya mtu anayepita pale kila siku ya Mungu.

Nifungue la 2022, Februari. Nimeandika hivi: "Mbele ya matete maji yanafika magotini. Viboko wote wamerundikana bwawa moja, wanagombana. Mmoja mgongo umepasuka, nzi."

Mnaukumbuka ukame ule. Misimu mitano ya mvua ilipita mtawalia bila mvua ya maana, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Bahari ya Pasifiki ilikuwa katika ile hali ya La Niña miaka mitatu mfululizo, na ikiwa hivyo vuli yetu huwa haiji. Wataalamu waliouchunguza walisema mwaka 2023 kwamba joto lililoongezwa duniani na shughuli za binadamu liliufanya ukame wa namna ile uwezekane zaidi kwa uchache mara mia moja. Sisi hatukuhitaji kuambiwa mara ngapi. Tulikuwa tunavuka mto kwa miguu.

Sasa, kiboko ni mnyama anayeeleweka vibaya. Mtu akimwona ule ukubwa wake hudhani ngozi yake ni ya chuma. Ngozi ya kiboko ni laini na haitoki jasho kama yetu. Hutoa ute mwekundu wa kujikinga na jua, na akikaa nje mchana kutwa hukauka na kupasuka. Kwa hiyo mchana lazima awe majini. Usiku lazima atoke, maana chakula chake ni majani ya nchi kavu, kilo zipatazo arobaini kwa usiku mmoja. Anahitaji vitu viwili vilivyo jirani: maji ya kuzamisha mgongo na nyasi za kulisha. Ukimwondolea kimoja anakwenda kutafuta, na anakwenda usiku, kimya kimya, kwa njia ile ile aliyoipita bibi yake.

Mwaka 2022 mto ulibaki vidimbwi. Viboko wa juu wakashuka wakawakuta wa chini. Kwenye mlango wenyewe maji ya chumvi yalikuwa yanapanda na bamvua kwa kuwa mto haukuwa na nguvu ya kuyasukuma nje. Nyasi za kingoni zikaliwa na mbuzi na ng'ombe kabla kiboko hajaamka. Kilichobaki kibichi ni kile kilichomwagiliwa kwa mkono: mchicha, migomba na mahindi ya mama. Usiku mmoja nikawasikia. Kiboko akila majani hufanya sauti kama mtu anayerarua kitambaa cha khanzu, polepole, mraruo baada ya mraruo. Mama aliwasha kurunzi dirishani, akaizima. Akasema, "Wacha wale. Usitoke." Asubuhi nyayo zilikuwa zimejaa maji, kila wayo unatosha kunawia uso.

Halafu fungueni daftari la Novemba 2023. Mwaka ule El Niño ilishika, na Bahari ya Hindi upande wetu ikawa na joto kuliko upande wa Indonesia. Vitu hivyo viwili vikikutana, vuli haiji kama vuli. Ilikuwa hivyo 1997. Mwaka 1961 Bahari ya Hindi peke yake ilitosha. Udongo uliokuwa umekaushwa miaka mitatu haukunywa kitu. Maji yaliteleza juu yake kama juu ya sakafu. Mto ulipanda, ukaacha njia yake, ukala ukingo wa kaskazini, ukahamisha fungu la mchanga ambalo ndege walilizoea. Nilimwona kiboko baharini, nje kabisa, mawimbi yanampiga kichwani, anageuka geuka kama ngarawa iliyopoteza mkono mmoja. Watu hudhani kiboko ni mwogeleaji hodari. Hasha. Anatembea chini, anasukuma sakafu ya mto kwa miguu. Maji yakiwa na kasi kuliko uzito wake, yanambeba kama gogo.

Waliopona walitafuta maji yaliyotulia. Na maji yaliyotulia yalikuwa wapi? Mashambani. Kwenye michu, ile mikoko iliyojiotea juu ya tope la mlangoni, na mashambani.

Mmeona basi. Wakati wa kiangazi walikuja kwa mama kwa sababu mto umekuwa mdogo. Wakati wa gharika wakaja kwa sababu mto umekuwa mkubwa. Shamba ni lile lile, mwenye shamba ni yule yule, na mara zote mbili jibu lililoandikwa ni moja: mnyama alikuwa nje ya makazi yake.

Sitaki mnifikirie kuwa ni mtu wa kumbembeleza kiboko. Jirani yetu mmoja anatembea kwa mkongojo mpaka leo kwa sababu alikutana naye njiani kabla ya alfajiri akienda kuangalia nyavu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataja shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na milioni 3 kwa aliyelemazwa. Kutaja ni kazi rahisi. Jirani ana bahasha ya karatasi zake nyumbani, imeshaanza kuliwa na mende, na bado hajamwona mtu wa kumhesabia hata noti moja.

Na jambo hili halianzii kwetu. Mto huu unazaliwa kule juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, unashuka Machakos na Makueni, unakutana na mto Tsavo ukawa Galana, unafika kwetu ukawa Sabaki. Majina matatu, maji mamoja. Ndovu wa Tsavo Mashariki wanaijua Galana kama sisi tunavyoijua barabara ya Malindi. Ndovu mmoja anaweza kunywa lita mia mbili kwa siku. Visima vya bara vikikauka, hana pa kwenda ila kuufuata mto ushukavyo, na mto ushukavyo ni Chakama na Magarini, ni watu. Novemba 2022 wizara ilitangaza hesabu ya waliokufa nchini kwa ukame tangu Februari hadi Oktoba: ndovu 205, nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, nyati 51, punda milia wa Grevy 49, twiga 12. Hao ndio waliookotwa wakahesabiwa. (Na twiga, mtakumbuka, ndiye aliyetufanya tujulikane ng'ambo: mwaka 1415 mmoja alifikishwa kwa mfalme wa China akitokea Malindi. Leo tungepata tabu kumwonyesha mgeni twiga bila kumpandisha gari saa kadhaa.)

Ningependa mkumbuke kitu kimoja kuhusu hesabu ile. Kabla ya kufa mnyama huhama kwanza. Kwa kila mzoga uliohesabiwa palikuwa na wengine waliohama wakapona, na hao ndio waliokuja kuvunja matangi ya maji na kuangusha maghala. Kifo mnakihesabu na kukitangaza. Kuhama hamkuhesabu, na huko ndiko tunakokutana nao.

Tukienda baharini, hadithi ni ile ile ila inavaa nguo nyingine.

Hifadhi ya bahari ya Malindi ilitangazwa 1968, pamoja na ile ya Watamu, na ni kati ya za kwanza Afrika. Wazee walipigwa marufuku kuvua mle, wakanung'unika, wakazoea, samaki wakaongezeka, hata nje ya mipaka. Kazi ile ilikuwa nzuri na nasema hivyo nikiwa mtoto wa mmoja wa walionung'unika. Lakini mwaka 1998 joto la bahari lilipanda, na zaidi ya nusu ya matumbawe hai ya pwani yetu yakafa, ndani ya hifadhi na nje ya hifadhi sawasawa. Tumbawe ni mnyama anayeishi na vimwani ndani ya mwili wake. Vimwani ndivyo vinavyompa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakizidi joto la kawaida kwa nyuzi moja tu, wiki kadhaa, anavitema, anabaki mweupe, na joto lisipopoa mapema anakufa. Boya la mpaka wa hifadhi linaizuia ngarawa. Joto linapita juu yake. Likarudi 2016, na likarudi tena 2024, mwaka ambao wanasayansi walitangaza kuwa matumbawe yanapauka dunia nzima kwa mara ya nne.

Hapo kuna jambo ambalo mvuvi yeyote wa Malindi angewaambia bure lakini sijaliona katika mpango wowote uliopita mikononi mwangu. Tope la Sabaki haliendi popote tu. Wakati wa kaskazi mkondo unalisukuma kusini, linaingia ghuba ya Malindi, maji yanakuwa ya hudhurungi mpaka mbele ya mahoteli na kuelekea kwenye mwamba wa hifadhi. Wakati wa kusi linageuka, linakwenda Mambrui na ghuba ya Ungwana. Maana yake gharika ya Novemba na gharika ya Aprili si gharika moja, hata kama maji ni mengi sawasawa. Ile ya vuli 2023 ilikuja na kaskazi mlangoni, tope likaelekea kwenye matumbawe, ambayo muda si mrefu yangekumbana pia na joto la Machi. Ile ya masika 2024 ilikuja kusi inaanza, tope likaenda kaskazini, na huko halikuwa balaa tupu, kwa sababu kamba wa Ungwana wanategemea kile ambacho mito inakitema. Mvua moja, kwa huyu ni mauti, kwa yule ni chakula, na kinachoamua ni upepo wa siku hiyo.

Mambo ya tope hayakuanza juzi. Katika mwamba wa Malindi kuna tumbawe kubwa ambalo wanasayansi walilitoboa na kulisoma kama mtu anavyosoma miviringo ya mti. Matokeo yalichapishwa 2007. Miaka mia tatu imeandikwa ndani yake. Karibu mia mbili ya mwanzo udongo wa mto ulikuwa ukifika kwa kiasi kile kile. Kuanzia miaka ya 1910 hivi, mashamba ya walowezi yalipofunguliwa huko bara, alama ya udongo inapanda ghafla. Kwa hiyo mtu akilima mteremkoni bila matuta huko Machakos, risiti yake iko Malindi, chini ya maji.

Ndege nitawapitia haraka, ingawa ndio wanaonilisha. Heroe wakikosa kina wanachokitaka mlangoni huruka wakaenda kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, na wageni wangu wananitazama kama niliyewadanganya. Wako wale wanaotoka Bukini, yaani Madagascar, wanaokuja kupumzika kwenye michanga yetu miezi ya kusi kwa maelfu. Baada ya mchanga wao kusombwa niliwakuta wametawanyika, kidogo huku, kidogo kule, na mbwa wa mtaani wanawakimbiza. Na yuko kwera wa Clarke, ndege mdogo wa manjano na mweusi ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Arabuko-Sokoke na misitu ya Dakatcha. Karibu miaka mia moja hakuna mtaalamu aliyejua anajenga wapi kiota. Jibu lilipatikana 2013: kwenye mabwawa ya msimu huko Dakatcha, juu ya ndago, mvua ikiyajaza. Mvua isipoyajaza, hajengi. Sasa mtu akija wakati wa kiangazi na kuona shimo kavu lenye ufa, anaona ardhi ya bure ya kupanda mananasi. Kwenye ramani yake halikuandikwa bwawa. Mstari wa buluu tena.

Kasa naye: mayai yake yakilala kwenye mchanga ulio juu ya nyuzi 29 au karibu na hapo, wengi wanaoanguliwa huwa majike, mchanga ukizidi sana joto, hawaanguliwi. Kasa hawezi kuhamisha ufuo. Anachoweza ni kutafuta palipo na kivuli cha mkwakwa juu kidogo, na hapo juu kidogo ndipo ukuta wa nyumba ya kukodisha umeanza.

Basi naomba nini.

Ombi langu kubwa halina gharama ya kutisha. Chora mistari miwili. Mto wa kiangazi na mto wa gharika, vyote kwenye karatasi moja. Pale maji yalipofika Novemba 2023 panajulikana. Alama ziko kwenye kuta za nyumba, ziko kwenye mibuyu, na wazee watawaonyesha pa 1997. Kanuni za maji zinasema kingo ziachwe, mita 6 hadi 30 kutoka maji yanapofikia yakijaa. Yakijaa, wakubwa. Vigingi nilivyoviona mimi vimepimwa Februari, mpimaji akiwa amesimama mchangani. Kati ya mistari hiyo miwili ndipo makazi ya kiboko yalipo, mwaka huu huku, mwaka ule kule. Mkishapajua, paotesheni nyasi, msigawe viwanja humo, na yeyote anayelima humo mwambieni ukweli mapema.

Najua nasema nini. Shamba la mama linaingia humo lote, hata mahali pa ndoo yake. Tumelizungumza, na mazungumzo hayakuwa mepesi. Ardhi ile alizaliwa juu yake na mama yake kazikwa nyuma ya mwembe. Sharti lake ni hili, nanukuu: "Wanipe pengine penye mwinuko, na hati iwe mkononi mwangu kabla jembe langu halijatoka hapa." Sioni kosa lake. Wengi wameondoshwa kwa ahadi na ahadi hailimiki. Atakayekuja kuchora mstari bila kuja na hiyo hati, namwonea huruma mapema, kwa sababu ndiye atakayekaa mbele ya ile ndoo.

La pili ni wakati. Idara ya hali ya hewa hutoa utabiri wa vuli mwishoni mwa Agosti au Septemba. Mwaka 2023 ulisema wazi kuwa mvua itazidi. Kutoka hapo mpaka mto kufurika kulikuwa na wiki nyingi. Wiki hizo zilipita kwenye warsha. Ningependa utabiri ukishatoka ukiwa wa mvua nyingi, askari wa wanyamapori wawe wameshapangwa mlangoni, njia za viboko zimefunguliwa, watu wa bondeni wameambiwa wavune kibichi au wasipande kabisa msimu huo na wafidiwe mbegu. Ukiwa wa ukame, basi maji ya ndovu yawekwe ndani kabisa, mbali na watu. Naijua sehemu moja, sitaitaja, ambapo lambo la "kupunguza mgogoro na wanyama" lilichimbwa umbali wa kutupa jiwe kutoka shule ya msingi, kwa kuwa hapo ndipo tingatinga lingefika bila kukwama. Ndovu walifika pia bila kukwama.

Tatu, zungumzeni na wenzenu wa juu. Bwawa la Thwake linajengwa kule Makueni juu ya maji haya haya. Likikamilika kutakuwa na mtu mwenye funguo ya lango. Mtu huyo anapaswa kujua kwamba akifunga Februari na kufungua Novemba, anawahamisha viboko na wavuvi walio mamia ya kilomita kutoka kwake, na kwamba chini ya mto kuna namba ya simu ya kupiga kabla hajagusa kitu. Mmepanga mapato ya maji hayo. Upangeni na mwenendo wake.

Kuhusu mwamba, siwezi kuwaomba mpoze bahari. Lakini Machi na Aprili joto likizidi na matumbawe yakianza kupauka, upeni mwamba likizo: maboti ya kioo yapungue, nanga isiguswe, wageni wasikanyage. Nitapoteza siku kadhaa za kazi, na wenzangu wa maboti watanikasirikia nikikutana nao msikitini. Mgonjwa wa homa hatembelewi na watu arobaini kwa siku.

Mlango wa Sabaki wenyewe si hifadhi ya taifa, na sina hakika kama nataka iwe, kwa sababu nimeona mara nyingine hifadhi ikitangazwa kazi inakuwa kumfukuza mwenyeji na kusubiri mgeni. Tuachieni tuutunze, ila tupeni nguvu ya kisheria ya kumzuia anayekuja na hati ya kiwanja juu ya fungu la mchanga ambalo miaka mitatu iliyopita lilikuwa bahari. Wako, na hati zao zina mihuri yenu.

Madaftari yangu mnaweza kuyachukua mkayapiga picha. Sitaki pesa, nataka yarudi, na yasirudi na alama ya kikombe cha chai.

Na kabla hamjajibu, njooni. Msije na msafara. Chagueni siku za bamvua, maji yanakupwa kabisa saa nne mpaka saa tano asubuhi, na mchanga wote unakuwa wazi mpaka mnaweza kuona mto ulivyohama kwa macho yenu, njia ya zamani bado ina unyevu. Ukishavuka daraja ukitoka Malindi, uliza nyumbani kwa mtu wa viboko. Buti acheni kwenye gari. Tope la pale linavua kiatu likakimeza. Mama atatafuta ndoo nyingine.

Wenu,
mtembeza wageni wa mlangoni, Sabaki